Mkato na Kishazi Rejeshi: Historia ya Alama Moja ya Kiingereza na Funzo Lake Kwetu

Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza katika shule zetu hufundishwa mapema kwamba mkato, ambao wengi huuita koma, ni mahali pa kuvuta pumzi. Baadaye, afikapo madarasa ya juu, huambiwa jambo jingine: kwamba viko vishazi rejeshi visivyoruhusiwa kutengwa kwa mkato, na viko vingine visivyoweza kukaa bila huo mkato. Aghalabu haelezwi jinsi kanuni hizi mbili zinavyohusiana, wala ipi ilitangulia nyingine. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kihistoria. Tutajaribu kuonyesha kwamba kanuni hizi zilitoka katika chemchemi mbili tofauti, moja ya wasomaji kwa sauti na nyingine ya wanamantiki; kwamba zilikutana katika vitabu vya sarufi vya karne ya 18; na kwamba kukutana kwao kumewahi kugharimu mali, na mara moja kulitajwa hata katika kesi ya uhai wa mtu. Mwishoni tutauliza kama kanuni hii ya Kiingereza inatufaa sisi tuandikao Kiswahili, au tumeibeba tu pamoja na mizigo mingine ya hati za Kilatini.

1. Tatizo lenyewe

Tuzitazame sentensi mbili za Kiingereza:

The teachers who came late lost a day's pay.

The teachers, who came late, lost a day's pay.

Maneno ni yale yale, na mpangilio wake ni ule ule. Lakini katika sentensi ya kwanza waliokatwa mshahara wa siku moja ni wale walimu waliochelewa peke yao, waliowahi hawakuguswa. Katika sentensi ya pili walimu wote walichelewa, na wote wakakatwa. Kishazi cha kwanza kinachagua: kinatenga kundi dogo ndani ya kundi kubwa, na tukikiondoa hatujui tena ni nani wanaosemwa. Tutakiita kishazi bainishi. Kishazi cha pili hakimchagui mtu ye yote. Kinaongeza habari juu ya watu waliokwisha kujulikana, na tukikiondoa sentensi inapungukiwa habari, lakini haibadiliki watu wake. Tutakiita kishazi nyongeza.

Yafaa ikumbukwe kuwa mkato mmoja hapa hautoshi. Kishazi nyongeza kilicho katikati ya sentensi hutaka mikato miwili, mmoja wa kufungulia na mmoja wa kufungia, kama yafanyavyo mabano. Anayetia wa kwanza na kuusahau wa pili amefungua mlango asiufunge.

Tofauti hii haikuzaliwa na karatasi. Msemaji wa Kiingereza huitamka: kishazi bainishi hufuata nomino yake kwa mkondo mmoja wa sauti, na kishazi nyongeza hutengwa kwa kituo kidogo na kupewa kiimbo chake. Kwa hiyo mambo haya ni matatu, nayo hayana budi kupambanuliwa: maana, sauti, na alama. Historia tunayoisimulia ni historia ya jinsi alama ilivyoanza kwa kuitumikia sauti, kisha ikaajiriwa na maana.

2. Alama ya pumzi

Neno la Kiingereza kwa mkato limetoka katika Kiyunani, na maana yake huko ni kipande kilichokatwa. Hapo kwanza halikuwa jina la alama, bali la kipande chenyewe cha usemi. Inafurahisha kuona kwamba neno letu mkato limeshika njia hiyo hiyo ya kutoka katika kukata, ila sisi tumeipa jina alama.

Maandishi ya Wayunani wa kale hayakuacha nafasi baina ya maneno. Kazi ya kuyagawa ilikuwa ya msomaji, naye alisoma kwa sauti. Aristophanes wa Byzantium, aliyesimamia maktaba ya Alexandria yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa aliweka utaratibu wa nukta zilizowekwa juu, katikati au chini ya mstari, kila moja ikionyesha ukubwa wa kituo. Zilikuwa alama za msomaji, si za mwandishi.

Hata hivyo, watu wa kale walijua kwamba kituo kinaweza kubeba imani nzima. Mtakatifu Augustino, mwishoni mwa karne ya 4, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, aliwaonya wasomaji wa Biblia kwamba mwanzo wa Injili ya Yohana ukikatwa mahali pasipopasa, huzaa uzushi unaokana uungu wa Neno. Shauri lake ni la busara: pale ambapo maandishi yenyewe hayaamui, msomaji atazame kwanza kanuni ya imani, kisha mtiririko wa maneno yaliyotangulia na yanayofuata. Yaani maana ndiyo inayoamua kituo. Kituo hakiamui maana. Tutalirudia shauri hili.

Katika Uingereza ya zama za kati waandishi wa hati walitumia sana mkwaju uliolala kuonyesha vituo vidogo, na William Caxton alipofungua matbaa yake Westminster mwaka 1476 aliuendeleza mkwaju huo. Wakati huo huo huko Venice, katika miaka ya 1490, Aldus Manutius na mafundi wake waliushusha mkwaju hadi msingi wa mstari, wakaufupisha na kuupinda, ukawa mkato tunaoujua. Mjukuu wake, aliyeitwa pia Aldus, aliandika mwaka 1566 kwamba kazi kuu ya alama za uandishi ni kuudhihirisha muundo wa sentensi. Hilo lilikuwa wazo jipya, lakini halikuwafikia watu wote kwa mara moja. Sarufi ya Kiingereza ya Ben Jonson, iliyotolewa mwaka 1640 baada ya kufa kwake, bado inaueleza mkato kwa habari za pumzi. Robert Lowth naye, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alizipima alama kama mwanamuziki apimavyo noti: nukta ni mara mbili ya koloni, koloni mara mbili ya semikoloni, na semikoloni mara mbili ya mkato. Kwa hesabu hiyo nukta moja ni sawa na mikato minane. Sijui kama yuko msomaji aliyewahi kuitii hesabu hiyo kinywani mwake.

3. Wanamantiki na wanasarufi

Chemchemi ya pili haikuwa na habari ya pumzi hata kidogo. Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot, wanazuoni wa Port-Royal katika Ufaransa, walitoa sarufi yao ya jumla. Na mwaka 1662 Arnauld akishirikiana na Pierre Nicole akatoa kitabu cha mantiki. Katika kitabu hicho cha pili ndimo tofauti yetu ilimochambuliwa kwa ukamilifu. Walipambanua vishazi vinavyoeleza na vishazi vinavyoainisha, wakauliza swali ambalo wanasarufi hawakuwa wamelitilia maanani: je, msemaji anaweza kusema uongo ndani ya kishazi rejeshi?

Jibu lao ni zuri. Asemaye kishazi nyongeza anathibitisha jambo. Nikisema walimu walikatwa mshahara, tena wote walichelewa, na kumbe hawakuchelewa, nimesema uongo hata kama ni kweli kwamba walikatwa mshahara. Bali asemaye kishazi bainishi hathibitishi kwamba kuna waliochelewa. Anataja tu sifa ya kuwapatia watu wake. Kwa hiyo tofauti ya vishazi hivi viwili si ya mapambo, ni tofauti ya wajibu wa msemaji kwa ukweli.

Fikra hizi ziliingia katika sarufi za Kiingereza polepole. Katika karne ya 18 waandishi wa Kiingereza walizoea kutia mikato mingi, na wengi wao hawakusita kuweka mkato mbele ya kila kishazi rejeshi, kama Wajerumani wanavyofanya hadi leo. Joseph Robertson alitoa kitabu kizima juu ya alama za uandishi mwaka 1785. Miaka kumi baadaye, 1795, Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitoa sarufi iliyokusudiwa kwanza kwa shule ya wasichana ya huko, nayo ikaja kuenea popote Kiingereza kilipofundishwa. Kanuni ya Murray inastahili kuangaliwa kwa makini. Anaanza kwa kusema kwamba viwakilishi rejeshi kwa kawaida hukubali mkato mbele yao. Kisha anatoa sharti: kirejeshi kinapokibana kitangulizi chake katika maana maalumu, mkato uachwe.

Hapa ndipo chemchemi zetu mbili zinapokutana katika aya moja. Kanuni ya kale ya pumzi inasimama kama kanuni kuu, na kanuni ya wanamantiki inaingia kama mwiko wa kuipunguza. Tena Murray huyo huyo huruhusu mkato baina ya kiima kirefu na kitenzi chake, kwa kuwa msomaji amechoka. Na mkato huo hauna sababu yo yote ya kimantiki. Leo hii mwalimu wa Kiingereza akiuona katika insha ya mwanafunzi huupigia mstari mwekundu. Yaani katika muda wa karne moja na nusu mwiko umegeuka kuwa sheria, na sheria imegeuka kuwa kosa.

Karne ya 20 ilikamilisha kazi hiyo. Ndugu wawili wa ukoo wa Fowler, katika kitabu chao cha mwaka 1906, walizipanga kanuni za vishazi bainishi na nyongeza kwa urefu. Katika Marekani William Strunk alizifupisha katika kijitabu cha mwaka 1918 alichowachapishia wanafunzi wake. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, alipendekeza pia mgawanyo wa kazi: 'that' kishike vishazi bainishi, na 'which' kishike vishazi nyongeza. Yeye mwenyewe alikiri kwamba waandishi wengi hawaufuati mgawanyo huo. Historia haikuwa upande wake, kwani Kiingereza cha karne ya 16 na ya 17 kilitumia 'that' kwa vishazi vya aina zote mbili, na Biblia ya mwaka 1611 ilitumia 'which' hata kwa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo wahariri wengi wa Marekani waliupokea mgawanyo huo kama amri. Basi asomaye maandishi ya Kiingereza hana budi kujua yalitoka wapi na lini, kabla ya kuamua kwamba mkato uliokosekana umekosekana kwa makusudi.

4. Mkato mbele ya mahakama

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba mambo haya ni ya walimu na wahariri peke yao. Kesi mbili zatosha kuonyesha sivyo.

Roger Casement anajulikana katika historia ya Afrika kwa taarifa yake ya mwaka 1904, aliyoiandika akiwa balozi mdogo wa Uingereza, iliyofichua mateso ya watu wa Kongo chini ya utawala wa Mfalme Leopold II. Alikuwa mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1914, vita vilipokwisha kuanza, alikwenda Ujerumani kutafuta msaada kwa ajili ya uhuru wa nchi yake, na huko akajaribu kuwashawishi wafungwa wa kivita wa Ireland wajiunge na kikosi chake. Alikamatwa Aprili 1916 baada ya kushushwa na nyambizi ya Kijerumani katika pwani ya Kerry, akashtakiwa London kwa uhaini.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, ya enzi ya Edward III, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani. Fungu lililobishaniwa lina viungo vitatu. Cha kwanza chataja mtu kuambatana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake. Cha pili chataja kuwapa maadui hao msaada na faraja ndani ya milki. Cha tatu ni maneno machache tu: au kwingineko. Swali likawa, je, 'kwingineko' kunaungana na kiungo kipi?

Wakili wa utetezi, A. M. Sullivan, alidai kwamba kunaungana na kiungo kilicho jirani yake. Msaada waweza kufika popote, lakini mhaini mwenyewe lazima awe ndani ya milki. Na mshtakiwa aliyoyatenda aliyatenda Ujerumani. Upande wa mashtaka ulijibu kwamba kiungo cha pili ni maelezo tu ya cha kwanza, yaani chafafanua kuambatana ni nini. Kikiwekwa kando, kinachobaki ni kuambatana na maadui ndani ya milki au kwingineko. Kwa istilahi tulizozitumia hapo juu, ingawa fungu hilo si kishazi rejeshi kamili, mashtaka yalilichukua kuwa nyongeza iliyozungukwa na mikato miwili, na utetezi ulikataa kuuona mkato wa pili.

Majaji wawili walikwenda kuikagua hati ya asili katika hazina ya nyaraka za taifa. Lakini hati ya karne ya 14 haikuandikwa kwa kanuni za Lindley Murray, na alama zake hazikuweza kubeba mzigo waliotaka kuzitwika. Mahakama iliamua kwa kutegemea wanasheria wa kale, hasa Coke, waliokwisha kuieleza sheria hiyo kuwa inawafika hata walio nje ya milki. Rufani ilikataliwa mwezi Julai, na Casement akanyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti 1916. Imezoeleka kusemwa kwamba alinyongwa kwa mkato. Kwa hakika sivyo ilivyokuwa. Alihukumiwa kwa tafsiri iliyokuwapo kabla ya mkato, na mkato ukaitwa kuwa shahidi. Shauri la Augustino lilifuatwa, ila kanuni ya imani safari hii ilikuwa kanuni ya dola.

Kesi ya pili ni ya zama zetu. Kampuni mbili za Kanada, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano ya kwanza, na baadaye kwa vipindi vingine vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Maneno ya kipindi cha baadaye yalizungukwa na mikato miwili. Rogers walidai kwamba notisi yahusu vipindi vya baadaye tu. Mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo iliona kwamba mikato hiyo inayafanya maneno ya katikati kuwa nyongeza, na hivyo haki ya kutoa notisi inaenea hata katika miaka mitano ya kwanza. Mwaka 2007 tume hiyo hiyo ilibatilisha uamuzi wake, baada ya kuisoma nakala ya Kifaransa ya mkataba huo, ambayo maana yake haikuwa na utata. Kilichoshindwa kuamuliwa na mkato wa lugha moja kiliamuliwa na sintaksia ya lugha nyingine. Jambo hili linatuhusu sana sisi wenye lugha mbili.

5. Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili kilikuwa na maandishi kabla ya mkato wa Kizungu kufika pwani. Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulikuwa katika hati za Kiarabu, na vituo vyake vililindwa na mizani na vina. Mshairi hakuhitaji mkato, kwa kuwa kina ndicho kilichomwambia msomaji kipande kimeishia wapi. Nathari ndiyo iliyouhitaji, na nathari ya hati za Kilatini tuliipokea kwa sehemu kubwa kutoka kwa wamisionari wa karne ya 19, kama Krapf huko Mombasa na Steere huko Unguja, kisha kutoka kwa kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Pamoja na herufi tulipokea alama, na alama zilikuja na mazoea ya Kiingereza.

Je, mazoea hayo yanakubaliana na sarufi yetu? Kiswahili kina njia tatu za urejeshi: walimu waliochelewa, walimu wachelewao, na walimu ambao walichelewa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengwa kwa ajili ya ubainishi au nyongeza peke yake. Kwa maana hiyo Kiswahili hakina cha kujivunia mbele ya Kiingereza. Utata ni ule ule. Lakini tunazo nyenzo nyingine ambazo mwandishi anayeutegemea mkato huzisahau.

Kwanza, kiashiria. Tukisema 'wale walimu waliochelewa walikatwa mshahara', msikilizaji anaelewa mara moja kwamba wamo waliowahi. Pili, kiunganishi na kiwakilishi chake. Tukisema 'walimu walichelewa, nao wakakatwa mshahara', tumeitoa nyongeza katika kishazi rejeshi na kuifanya sentensi yenye miguu yake. Tatu, mahali pa kirejeshi. Kirejeshi kilichomo ndani ya kitenzi hukishikamanisha kitenzi na nomino, bali amba- inakubali kituo mbele yake. Kwa maoni yetu, mwandishi anayetaka kutia nyongeza ataona amba- ni nyepesi zaidi, ingawa hii si kanuni. Nne, nomino yenyewe hutuonya. Nomino iliyotanguliwa na 'kila' haikubali nyongeza; hatuwezi kutia mikato katika 'kila mwalimu aliyechelewa' tusiiharibu. Jina la pekee, kwa upande mwingine, hutaka nyongeza: 'Mombasa, iliyo kisiwani'. Hata hivyo twaweza kusema 'Mombasa niliyoijua utotoni si hii', na papo hapo jina la pekee limegawanyika katika Mombasa mbili, na kishazi kimekuwa bainishi.

Mambo haya si ya darasani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi kubwa ya tafsiri inawakabili wataalamu wetu. Tuchukue kifungu cha kubuni: 'Wafanyakazi, ambao wamemaliza miaka mitano, watalipwa kiinua mgongo.' Tukiiondoa mikato, anayelipwa ni aliyemaliza miaka mitano tu. Tukiiacha, mwajiri amekiri kwamba wafanyakazi wake wote wamemaliza miaka hiyo. Mfanyakazi wa miaka mitatu atausimamisha mkato huo mahakamani kama shahidi wake, na hakimu atashangaa mwandishi alikuwa wapi. Mtafsiri aliyenakili mikato ya Kiingereza bila kuuliza kazi yake, hasa ikiwa Kiingereza chenyewe ni cha zamani, cha wakati mkato ulipokuwa pumzi tu, ameingiza katika sheria jambo ambalo wabunge hawakulipitisha.

Tunapendekeza basi kwamba mtafsiri aamue kwanza kama kishazi ni bainishi au nyongeza, kwa kutazama maana ya kifungu kizima. Kikiwa bainishi, kirejeshi kikae ndani ya kitenzi, karibu na nomino, bila mkato, na kiashiria kiongezwe penye shaka. Kikiwa nyongeza, kitolewe na kuwa sentensi yake. Mkato utiwe mwisho, kuthibitisha kilichokwisha kusemwa na sarufi.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mkato wa Kiingereza ulianza kama alama ya pumzi, ukapewa kazi ya mantiki ukiwa mtu mzima, na haujapata kuisahau kazi yake ya kwanza. Ndiyo sababu hauaminiki ukiachwa peke yake. Katika kesi zote mbili tulizozitaja, waamuzi walipoubana sana mkato hawakupata jibu, wakalazimika kulitafuta penginepo: katika mapokeo ya wanasheria, au katika nakala ya lugha nyingine. Kiswahili kinazo nyenzo za kulisema ndani ya sentensi yenyewe lile ambalo Kiingereza hulikabidhi alama ndogo chini ya mstari. Ni wajibu wetu tunaoifundisha lugha hii kuzitia nyenzo hizo mikononi mwa watafsiri kabla sheria hazijapigwa chapa.